Asubuhi Niliyomchora Syombua

Kabla hujaanza kucheka, nikuambie kwanza kwamba mimi si mtu wa kuona mambo. Sijawahi kuota ndoto ikatimia. Nikisikia kitu kinagonga bati usiku, nageukia upande wa pili nalala. Kanisani kwetu Matinyani naimba sauti ya pili, na akina dada wakianza ushuhuda wa mapepo, mimi hutafuta sababu ya kutoka nje. Kwa hivyo nikikuambia kwamba nimekaa na mtu aliyekufa zamani, nikamwomba ageuze kidevu kidogo upande wa mwanga, naye akageuza, lichukue hivyo hivyo nilivyolisema. Sijatia chumvi. Picha yenyewe iko Nunguni, ukutani, na ukitaka nitakuelekeza uende ukaiangalie.

Kazi yangu ni rangi. Mwenye bucha akitaka ng'ombe mnono ukutani, ananiita. Shule ya chekechea ikitaka ramani ya Kenya na twiga pembeni, inaniita. Lakini kazi iliyonijulisha kwa watu wa Kitui na Makueni ni kuchora marehemu. Unajua mazishi yetu yalivyo, lazima kuwe na mtu anayetangulia jeneza akiwa ameshika picha. Sasa kuna wazee wanaoondoka bila kuacha picha, au wameacha ile ya kitambulisho tu, ambayo mtu anaonekana ni kama amekamatwa. Watu wao wanakuja kwangu. Mimi nawaambia wanikusanyie ukoo. Nakaa nao mchana kutwa, nachukua pua kwa huyu, paji la uso kwa yule, na polepole marehemu anaanza kutokea.

Na siku zote nauliza kama kuna wajina. Kwetu mtoto hupewa jina la nyanya yake au babu yake, na watu wanaamini kwamba anayebeba jina hubeba na kitu kingine pamoja nalo, mwendo, hasira, wakati mwingine uso mzima. Ndiyo maana utamsikia mama mtu mzima akimwita binti yake mdogo "mwaitu," yaani mama yangu, na binti naye anajibu kwa maringo. Mtoto wa dada yangu amebeba jina la mama yetu. Ana miaka minne na ananiuliza kama nimeoga. Sisi hatuoni ajabu. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo lililonikosesha.

Wapo wanaosema kwamba kwa kazi hii naita aimu, roho za wafu. Mchungaji mmoja alinihubiria hivyo nikiwa nimekaa benchi la mbele kabisa, bila kunitaja jina lakini akinitazama mimi. Baada ya ibada nilimwambia kwamba ninaowaita ni watoto wa marehemu, na hata hao wenyewe hawaji kwa wakati. Alicheka, nikadhani yameisha.

Basi mwezi wa saba, si zamani sana, nilipigiwa simu na shemasi mmoja wa Nunguni anayeuza misumari na mabati, anaitwa Kilonzo. Akaniambia mama yake anataka kuchorewa mama yake. Nikauliza huyo mama wa mama alizikwa lini.

"Alikufa mama akiwa bado ananyonya," akasema. "Na sasa mama ana zaidi ya themanini."

"Kuna picha yoyote?"

"Picha gani, dada? Hata kaburi tunakisia."

Ningekataa. Nilishafungua mdomo nikatae. Halafu akaniambia habari ya macho.

Mama yake, wanayemwita Susu Mwikali, yaani Nyanya Mwikali, alikuwa na presha ya macho. Jicho moja lilikuwa limeshazimika, na la pili lilikuwa linafuata. Daktari aliwaambia wasidanganyike, kilichopotea hakirudi, na kilichobaki ni cha muda mfupi. Alikuwa anaona vizuri saa za asubuhi tu, akikaa mlangoni, kitu kikiletwa karibu na uso. Watoto wakamuuliza angependa kuona nini kabla jicho halijafunga. Walidhani atasema bahari, au Nairobi. Akasema anataka kumwona mama yake.

Nilipanda Nunguni nikiwa nimevaa kila nguo niliyo nayo. Sisi wa Kitui tumezoea jua, na Nunguni mwezi wa saba ukungu unalala mpaka kwenye sufuria. Nikapokewa na mke wa Kilonzo, Mama Mutinda, mwanamke mkubwa mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Alinipa chai, akanipa sweta ya mumewe juu ya sweta yangu, akanipeleka kwa Susu.

Nilimpenda Susu pale pale. Alikuwa mdogo wa mwili, meno mawili tu mdomoni, na alinishika uso kwa mikono yote miwili kunisoma kabla hajanisalimu.

"Mwana wakwa," akaniambia, yaani mwanangu, "nimeona watu wengi na macho haya. Nimeona hata wale hawakustahili. Mama yangu ndiye sijaona."

Halafu akaniambia jambo ambalo naona hakuwa amewaambia wanawe. Alisema alipokuwa mdogo, jioni ikifika, watoto wengine walikuwa wanaitwa na mama zao warudi nyumbani, yeye anaitwa na shangazi. Alimkasirikia mama yake kwa hilo. Ati mtu anazaa mtoto halafu anaenda. Ameolewa, amezaa, amezika mume, na hasira bado ilikuwa imekaa pale pale.

"Nataka kuona uso wake," akasema, "nijue ninamkasirikia nani."

Sasa niambie, hapo ungefunga mkoba ukarudi Matinyani?

Nilifanya kazi siku hiyo mpaka vidole vikaganda. Wana wa Susu waliitwa wote wakaja, na wote, nisamehewe, wamebeba pua ya baba yao bila kupungua hata kidogo. Wajukuu ni hivyo hivyo. Niliuliza wajina, nikaambiwa hayupo. Nikaona nimchukue Susu mwenyewe nimpunguze miaka, nitoe makunyanzi, nijaze mashavu, nirudishe meno. Kesho yake asubuhi akaletwa mlangoni, nikaisogeza karatasi mpaka karibu na jicho lake. Akaitazama kwa muda.

"Huyu ni mimi," akasema. "Mimi najijua."

Hakunilaumu. Aliniambia nile, nimekonda. Lakini Mama Mutinda alinivuta kando akaninong'oneza kwamba asubuhi ile Susu hakuweza kuona kikombe chake kilipo, na jana alikuwa anakiona. Nilikula ugali wa watu nikiwa na aibu.

Siku iliyofuata niliamka kabla ya wenye nyumba, kukiwa kumeshapambazuka. Nilikosa usingizi kwa mawazo, basi. Nilichukua karatasi kubwa ya manila na vijiti vyangu vya mkaa, maana nilikuwa nachora kwa mkaa ili mistari iwe mizito na jicho la Susu lisihangaike, nikaenda kukaa chini ya paa la jiko la nje. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Nilikuwa naona mlango wa jiko, gogo la kupasulia kuni, na baada ya hapo weupe mtupu.

Akatokea kwenye ukungu akiwa na mzigo wa kuni mgongoni, ukanda wa ngozi umepita kwenye paji la uso, vile wanawake wetu wanavyobeba. Msichana wa miaka kama kumi na tisa, ishirini. Miguu mitupu. Nikasema moyoni, huyu hasikii baridi? Akanisalimu kwa Kikamba kile cha zamani, cha nyanya zetu, chenye salamu ndefu. Nikafurahi. Watoto wa siku hizi wanakurushia "niaje" na kupita.

Akatua kuni, akanyoosha mgongo, akauliza nafanya nini na karatasi kubwa hivyo.

"Namtafuta mama yake Susu Mwikali," nikamwambia. "Anaitwa Syombua. Nimekosa uso wake kabisa."

Akacheka akifunika mdomo kwa mkono.

"Na wewe unaitwaje?"

"Syombua."

Niamini, nilimkasirikia kwanza. Nimekaa mchana kutwa napima mapua ya wanaume, kumbe wajina yupo na hakuna aliyeniambia. Nikamuuliza alikuwa wapi siku zote hizi wengine wakiitwa.

"Nilikuwa mbali," akasema. "Njia ni ndefu."

"Basi kaa hapo kwenye gogo, na usitingishike. Susu anakungoja."

Akakaa. Na nikuambie kama mtu wa kazi hii, sijawahi kupata mtu anayekaa vile. Watu nikiwachora hujikuna, hutafuta simu, hukunja uso wapendeze. Huyu alitulia. Nilichora paji la uso, likaja. Nilichora macho, yakaja, macho makubwa yenye huruma, lakini ya mtu anayependa mzaha pia. Mkono wangu haukufuta hata mara moja.

Akaanza kuniuliza habari za Susu.

"Mtoto anakula vizuri?"

Nikacheka. Nikajua ni ule utani wa wajina, mtu anajifanya nyanya wa nyumba nzima. Nami nikauingia.

"Anakula, ila anapenda uji kuliko ugali."

"Analala usiku?"

"Analala. Mama Mutinda anasema anakoroma."

"Alikuwa analia sana usiku," akasema. "Nilikuwa natembea naye ndani ya nyumba, huku na huku, hata mwenyewe nikiwa sijiwezi. Nilimwacha akiwa na meno mawili tu."

Hapo nilicheka mpaka mkaa ukaniteleza. "Hata sasa ni mawili," nikamwambia.

Naye akacheka, safari hii akasahau kufunika mdomo, na nikaona meno yake ya mbele yamechongwa yakawa na ncha, vile walivyokuwa wakichonga watu wa zamani. Unafikiri nilishtuka? Nilisema tu, vijana na mitindo yao. Leo hii nikikumbuka najishika kichwa. Kila kitu kilikuwa mbele yangu, na mimi niliye maarufu kwa kuangalia nyuso sikuangalia.

Halafu akaacha kucheka. "Na siku hizi analilia nini?" akauliza.

"Macho," nikasema. "Yanakwisha. Anataka akuone kabla hayajafunga." Nilimaanisha amwone mama yake kupitia uso wa wajina, lakini ndivyo nilivyosema.

Akaitazama mikono yake. "Ataniona?"

"Ukigeuza kidevu kidogo upande wa mwanga, ataona vizuri."

Akageuza.

Wakati huo Susu akakohoa ndani ya nyumba. Kikohozi kidogo tu cha mzee anayeamka. Yule msichana aligeuka mwili mzima, kwa haraka, vile mama anavyogeuka mtoto akilia, hata asipokuwa wake. Akabaki amenipa kisogo, akisikiliza. Mkono wangu ulikuwa umeshapata moto, nikachora nilichokuwa nakiona, shingo, na nyuma ya sikio la kushoto kovu dogo lililopinda. Nikalichora pembeni ya karatasi, bila sababu, kwa kupenda tu ile shingo ilivyokaa.

"Ameamka," akasema. "Mwambie sikuenda. Mwambie nilichukuliwa."

Nikainama kuokota kijiti cha mkaa kilichoanguka. Nilipoinua kichwa, kulikuwa na gogo, na mlango wa jiko, na ukungu.

Sikuogopa hata kidogo. Nilifikiri ameenda kuwakamulia watu ng'ombe. Niliingia ndani kwa furaha, karatasi nimeishika kwa vidole viwili isichafuke, nikawakuta Kilonzo na mkewe wakiwa mezani.

"Mbona mlinificha Syombua?" nikawauliza.

"Syombua gani?" Mama Mutinda akasema.

"Wajina. Aliyeleta kuni. Nimemchora."

Waliangaliana. Halafu Mama Mutinda akaniambia polepole, na hiyo peke yake ilinitia wasiwasi, kwa sababu yeye hasemi polepole. Susu alizaa wavulana watupu. Hakupata binti wa kumpa jina la mama yake. Mabinti wa wanawe walipewa jina la Susu mwenyewe kwanza, kisha majina ya mama za wake zao, kama desturi inavyotaka. Jina la Syombua halikupata mtoto wa kulibeba. Katika boma lile hapakuwa na Syombua, wala kwa jirani, wala ng'ambo ya kijito.

Kilonzo alitoka nje. Tulimsikia akienda mpaka kwenye geti na kurudi. Akaingia akiwa na ufunguo mkononi. Kufuli ilikuwa bado imefungwa kama alivyoifunga jana. Na kuni, akasema, zipo mlangoni kwa jiko, na ni kavu. Ukungu wote ule, majani yanadondosha maji, na kuni ni kavu zinapasuka.

Ni hapo ndipo nilipoelewa nimemchora nani. Nilikaa chini sakafuni, mimi na sweta zangu mbili.

"Hiyo karatasi iingie motoni," Kilonzo akasema. Si mtu mbaya, usimhukumu. Ni shemasi, na alikuwa ameogopa. "Hatuwezi kuweka aimu kwa nyumba ya maombi. Tuombe, tuichome, tusahau."

"Baba Mutinda," mkewe akamwambia, "ulimpigia fundi simu wewe mwenyewe."

"Niliita fundi. Sikuita wafu."

Akanyoosha mkono. Nami nilikuwa tayari kumpa, nakuambia kweli. Lakini mlango wa chumba ukafunguka na Susu akatoka akipapasa ukuta. Alikuwa amesikia yote. Macho yalikuwa yanakwisha, masikio hayakuwa na shida.

"Kilonzo," akasema. "Hiyo ni yangu. Niletewe mlangoni."

Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka. Tulimkalisha kwenye kiti chake, kizingitini, na mimi nikapiga magoti mbele yake na kuinua karatasi. Akaishika kingo zake. Akaisogeza, akairudisha nyuma kidogo, akatafuta mahali pa jicho lake panapoona. Kilonzo alisimama nyuma yetu akiomba chini chini. Nilikuwa nangoja aseme tena, huyu ni mimi.

Alitazama kwa muda mrefu sana.

"Alisema nini?" akaniuliza, bila kuondoa jicho.

Nikamwambia. Aliuliza kama unakula. Aliuliza kama unalala. Alisema ulikuwa unalia usiku akitembea nawe ndani ya nyumba huku mwenyewe hajiwezi. Alisema hakuenda, alichukuliwa. Nilisema yote kwa pumzi moja kama mtoto aliyetumwa dukani.

Susu akapitisha kidole hewani juu ya shavu lile, bila kuligusa, mkaa usichafuke.

"Kumbe ni mtoto," akasema. "Angalieni. Mama yangu ni mtoto mdogo." Na machozi yakaanza kumtoka, hata kwa lile jicho lililozimika. "Nimekasirikia mtoto miaka yote hii. Angeweza kuwa mjukuu wangu. Nani alikuwa anamwangalia yeye?"

Mama Mutinda alilia kwa sauti. Mimi nililia. Kilonzo aliacha kuomba. Hakuna aliyezungumza tena habari ya moto.

Lakini yeye ni mfanyabiashara, anapenda kuhakikisha. Wiki hiyo hiyo alishuka Matiliku na pikapu yake kumleta Mzee Mutiso, mdogo wake Syombua, ndugu pekee aliyebaki. Mzee aliwahi kuulizwa kuhusu uso wa dada yake na kila mara alijibu kwamba haujui. Walidhani ni uzee, kumbe alikuwa anasema ukweli. Syombua alikuwa akimbeba mgongoni wakati mama yao akilima, kisha akaolewa huku milimani Mutiso akiwa bado mdogo, na hawakuonana tena.

Alikalishwa, akapewa karatasi. Akautazama ule uso kwa heshima, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni.

"Msichana mzuri," akasema. "Lakini siwezi kudanganya. Mimi sikuona mbele. Nilikuwa mgongoni."

Kilonzo akashusha pumzi. Sijui kama ni ya kukata tamaa au ya nafuu. Mzee akawa anarudisha karatasi, na jicho lake likapita pembeni, pale nilipochora shingo. Akairudisha karatasi mapajani. Akaweka kidole kwenye lile kovu nyuma ya sikio.

"Hapa nilimuuma," akasema.

Tukamwomba arudie.

"Alikataa kuniteremsha. Nilitaka kwenda kucheza, akakataa, kwa sababu kulikuwa na nyoka. Nikamuuma hapa, damu ikatoka. Nilijua nitachapwa. Mama alipomuuliza, alisema amechomwa na mti." Mzee hakuondoa kidole pale. "Sijawahi kumwambia mtu. Hata mke wangu. Nani alikuambia, wewe mtoto wa Kitui?"

Nani aliniambia? Ulikuwepo? Mimi nilikuwepo, na mpaka leo sina jibu jingine zaidi ya nililokupa.

Nilimaliza ile picha kwa rangi, kubwa, na Kilonzo mwenyewe ndiye aliyepigilia msumari, kutoka kwa duka lake. Nilimpaka mdomo umefungwa, maana alikuwa na haya na meno yake. Ile ya mkaa Susu alikataa kuiachilia. Jicho lilimalizika kabla mvua ya mwezi wa kumi na moja haijaanza. Nilipompigia simu kumpa pole alinikatiza, akaniambia nisimpe pole, alichotaka kuona amekiona.

Kuna kingine. Mke wa Mutinda, mtoto wa kwanza wa Kilonzo, alijifungua msichana. Kwa desturi, mtoto huyo wa kwanza wa kike angebeba jina la Mama Mutinda, nyanya yake, na mwanamke hungojea siku hiyo maisha yote. Ni kama kuambiwa kwamba hutakwisha. Mama Mutinda alimwinua mtoto mbele ya watu wote akasema anaitwa Syombua. "Mimi bado nipo," akasema kwa ile sauti yake. "Wangu waje pole pole." Na Kilonzo, yule yule wa kuchoma karatasi, ndiye aliyesema amina kwanza.

Nilienda kumwona mtoto. Susu alikuwa amempakata kizingitini, hamwoni, anamshika uso kwa mikono yote miwili vile alivyonishika mimi. Alikuwa anamgombeza. "Ulichelewa wapi wewe? Umekula? Mbona miguu ni baridi?" Na usiniulize kwa macho. Niliangalia nyuma ya sikio la mtoto. Hakuna kovu. Lingekuwepo ningekuambia.

Mimi bado nachora marehemu. Tofauti ni kwamba siku hizi, popote ninapoenda, naomba kiti cha pili kiwekwe karibu na changu na kibaki wazi. Watu hudhani ni cha kuwekea rangi. Hakujawahi kuja mwingine. Mama yangu mwenyewe, marehemu sasa, ana picha nyingi kwenye simu yangu, labda ndiyo maana haoni haja ya kuja, na kuna asubuhi hilo huniuma kidogo.

Kwa hivyo nakuonya, na sikuonyi ili uogope. Ukilala nyumba ya wenyewe huko milimani, na asubuhi kukiwa na ukungu akatokea mtu asiyevaa viatu, akakuuliza habari za mzee wa nyumba ile kana kwamba anauliza habari za mtoto mchanga, usifanye kama mimi. Usicheke, usiulize alikuwa wapi. Mpe mahali pa kukaa kwanza, ametoka mbali. Halafu umjibu vizuri, pole pole, neno kwa neno. Mwambie mtoto anakula. Mwambie mtoto analala.